Nakaribia kuolewa, lakini siku zangu zimekatika

Shikamoo mama,

Nina miaka 26, naishi Kimara na ninauza vitambaa kwenye duka moja Kariakoo. Oktoba mwaka jana mchumba wangu alinivisha pete, na harusi tumeipanga Desemba hii. Wakati ule nilikuwa na kilo 59, urefu wangu ni sentimita 162. Shoga zangu wakaniambia bibi harusi lazima apungue ili gauni limkae. Novemba nikaanza daieti.

Niliacha ugali, wali, chapati, mihogo, kila chenye wanga. Asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu. Mchana tango na yai moja, siku nyingine naongeza tunda. Ikishagonga saa kumi na mbili jioni sitii kitu mdomoni, isipokuwa chai ya kupunguza tumbo niliyouziwa na mteja wetu mmoja. Alfajiri kabla ya kupanda daladala nakimbia, na Jumamosi naenda jimu. Sasa nina kilo 45. Kila mtu ananisifia, na fundi ameshalibana gauni mara mbili.

Tatizo ni siku zangu. Zamani zilikuwa haziyumbi, kila baada ya siku 28 au 29, na damu siku nne. Januari zilikuja kidogo, matone ya siku mbili tu. Februari hazikuja, Machi yakaja matone tena, halafu kimya. Mimba nimepima kwa kile kipimo cha duka la dawa, hakuna. Mwezi wa tano dada wa duka la dawa akanipa vidonge vya majira, akasema vitarudisha mzunguko. Kweli nikaona siku zangu miezi mitatu, nikafurahi, nikaviacha. Tangu mwisho wa Julai sijaona kitu.

Mengine ni haya: nywele zinakatika nikifumua, nasikia baridi mpaka naoga maji ya moto Dar hii hii, choo kigumu, usiku silali vizuri. Na mguu wa kulia, kwenye muundi, unauma nikikimbia. Hata nikibonyeza kwa kidole pale pale, unauma. Sijawahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango wala kuweka kijiti.

Shangazi yangu anasema nina jini mahaba hataki niolewe, anataka anipeleke kwa mtaalamu. Shoga yangu mmoja anasema damu imeniishia, ninywe rozela. Mwingine ni mwembamba kunishinda mimi na siku zake zinakuja kama kawaida, kwa hiyo siamini kwamba wembamba ndio sababu. Mama mkwe mtarajiwa naye ameshaanza kusema anasubiri mjukuu. Naogopa, mama. Nimeharibu kizazi? Nirudie vidonge? Na mchumba wangu nimwambie sasa, au ninyamaze harusi ipite?

Bibi Harusi Mtarajiwa, Kimara

*

Marahaba mwanangu,

Kwa hayo uliyoyaeleza, sioni dalili ya kizazi kuharibika. Ninachokiona ni mwili ulionyimwa chakula karibu mwaka mzima, huku ukikimbizwa kila alfajiri, mpaka ukasitisha shughuli za uzazi kwa muda. Hali hiyo inajulikana sana hospitalini na kwa wanawake wengi hurudi vizuri. Ila hairudi kwa kunyamaziwa, na kabla ya Desemba ni lazima daktari akuone, kwa sababu kuna mambo mawili matatu ambayo mimi kwa barua siwezi kuyaondoa.

Hedhi haianzii tumboni, inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi, sehemu hiyo hutoa homoni kwa mpigo, kidogo kidogo. Mpigo huo unaiamsha tezi ya pituitari, nayo inatuma homoni mbili, FSH na LH, kwenye ovari. Hapo yai linapevuka, estrojeni inapanda, na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unakuwa mnene. Yai likishatoka na mimba isipotunga, ukuta huo unabomoka. Hiyo ndiyo damu unayoiona.

Haipothalamasi hupokea habari za mwili mzima. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo ni kama taarifa ya akiba iliyopo. Ukipungua haraka, au ukila kidogo mno hata kwa siku chache, leptini inashuka. Mazoezi makali na wasiwasi navyo vinapandisha kotiso, homoni ya msukosuko. Haipothalamasi ikipata taarifa hizo pamoja, inapunguza ile mipigo, na ovari zinakosa wa kuziamsha. Nyumba ikiwa na fedha haba, mama hununua unga na kulipa kodi, chumba cha wageni kinasubiri kupakwa rangi. Moyo wako na ubongo wako ni unga na kodi. Mtoto ni mgeni.

Ndiyo maana hayo mengine uliyoyataja hayajaja kwa bahati mbaya. Baridi unayoisikia Dar ni kwa sababu mwili umeshusha homoni za tezi ya shingo ili upunguze matumizi, na joto ni matumizi. Tumbo limekuwa zito kusukuma kwa sababu hiyo hiyo, mbali na kwamba hakuna cha kusukuma. Nywele nazo mwili unaziona kuwa ni anasa. Na hiyo chai ya mteja wenu, soma maandishi ya kwenye boksi kama yapo: nyingi za aina hiyo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Zinatoa maji na chumvi za mwili, mafuta zinayaacha pale pale. Itupe leo.

Sasa shangazi na shoga zako.

Shangazi anakupenda, nami sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini jini hapunguzi kilo 14 kwa tango na yai. Ukipelekwa huko utapewa mizizi ya kuchemsha ambayo hakuna ajuaye ina nini ndani, na mwili wako sasa hivi hauna uwezo wa kupambana na chochote kigeni. Mwambie kwa adabu kwamba umeanza na hospitali.

Huyu wa rozela amechanganya mambo mawili. Damu ya hedhi haitolewi kwenye akiba ambayo ikiisha basi. Ni ukuta ule, na ukuta haukujengwa kwa sababu hapakuwa na homoni ya kuujenga. Kwa hiyo pia ondoa hofu kwamba kuna damu chafu imejaa tumboni inatafuta njia. Upungufu wa damu unaweza kuwa nao, maana kwa chakula hicho madini ya chuma yatatoka wapi, na utapimwa. Rozela kunywa ukipenda, ni tamu, ila hailipi deni la chakula.

Hoja ya shoga mwembamba ndiyo iliyonifurahisha, kwa sababu ni swali zuri na hata madaktari waliwahi kusumbuka nalo. Kuna watu wamezaliwa wembamba. Huyo shoga yako ukimfuata siku nzima utakuta anakula sahani ya wali maharage, jioni ugali, na hakimbii popote. Mwili wake unapata unachotumia. Wako haupati. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Anne Loucks na Jean Thuma, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wasichana 29 wenye afya, wasio wanamichezo, ambao hedhi zao zilikuwa sawa kabisa. Kwa siku 5 walifanyishwa mazoezi huku chakula kikipunguzwa kwa viwango tofauti, kisha ikapimwa mipigo ya ile homoni ya LH. Nguvu iliyobaki baada ya kutoa ya mazoezi iliposhuka chini ya kalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, mipigo ikavurugika. Siku 5 tu, na hawakuwa wamekonda. Kwa hiyo wapo pia wanawake wenye uzito wa kawaida, hata wanene kidogo, ambao siku zao zinakatika kwa sababu wamejinyima ghafla. Mizani peke yake haisemi yote.

Wewe lakini hata mizani inasema. Ule uwiano wa uzito na urefu unaoitwa BMI ulikuwa 22 na nusu ulipovishwa pete, yaani hukuwa na cha kupunguza. Leo uko 17 na kidogo. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Umepoteza karibu robo ya mwili wako, na wakati wote huo watu wanakupongeza. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mwekahazina na mtu wa vinywaji. Wa kumuuliza bibi harusi kama amekula hayupo.

Turudi kwenye vidonge, maana hapa ndipo wasichana wengi wanapopotezwa. Vidonge vya majira vina homoni zake vyenyewe. Ukivimeza, vinajenga ukuta mwembamba kwenye mfuko wa uzazi. Ukifika vile 7 vya mwisho, ambavyo kwenye pakiti nyingi ni vya rangi ya kahawia na vina madini ya chuma tu, homoni inakatika na ukuta unabomoka. Damu ile ilitoka kwenye pakiti. Haipothalamasi yako ilikuwa bado imelala, ndiyo maana ulipoacha hakukutoka kitu. Kama njia ya kupanga uzazi ni vidonge vizuri tu, sina neno navyo. Ila kwa tatizo lako vilifunika taa ya hatari miezi mitatu, ukaendelea kupungua ukidhani umepona. Chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilitoa mwongozo mwaka 2017 kuhusu hali hii hii, na kinasema wazi kwamba vidonge visitolewe kwa lengo la kurudisha hedhi tu au kuokoa mifupa. Usivirudie kwa sababu hiyo.

Nimetaja mifupa. Mwanangu, jambo lililonishtua zaidi katika barua yako umeliweka pembeni kama kitu kidogo. Ni muundi.

Estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa ya mwanamke. Ikishuka, mfupa unaliwa kuliko unavyojengwa, kama inavyotokea kwa bibi zetu hedhi inapokoma uzeeni. Tofauti ni kwamba wewe una miaka 26, umri ambao mwili bado unakamilisha akiba ya mifupa itakayokubeba mpaka uzee. Sasa chukua mfupa uliopungukiwa estrojeni, kalisiamu na chakula, uupigishe lami kila alfajiri. Unapata ufa mdogo. Dalili yake ni maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukikimbia na kupungua ukipumzika. Sisemi ni hivyo hakika, inaweza kuwa msuli, lakini acha kukimbia kuanzia leo. Si kupunguza, ni kuacha, na jimu pia, mpaka daktari aupapase mguu huo. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza isionyeshe ufa wiki za mwanzo, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na maumivu yapo, usirudi barabarani.

Hospitali nenda wiki hii. Hospitali ya wilaya inatosha kuanzia, si lazima uanze kwa bingwa. Andika kwenye karatasi tarehe zote ulizonitajia, uzito wa Oktoba na wa sasa, vidonge ulivyomeza na jina lake, na kile unachokula kwa siku, bila kuficha wala kupamba. Wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunasema "nakula kawaida", naye anaandika hivyo hivyo.

Watakupima mimba tena, usikasirike. Ni kipimo cha kwanza kwa kila mwanamke aliyekosa siku zake, hata awe mtawa. Halafu omba waangalie homoni ya tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo hukondesha na kuvuruga hedhi, ingawa mwenye hiyo husikia joto na moyo kwenda mbio, si baridi. Waangalie prolaktini, homoni ya maziwa, hasa kama chuchu zinatoa maziwa au kichwa kinauma na macho yana ukungu. FSH, LH na estrojeni zitaonyesha kama tatizo liko juu kichwani au chini kwenye ovari. Wapime pia wingi wa damu, sukari na chumvi za mwili, na wafanye utrasaundi ya nyonga. Kama gharama ni kubwa, muulize daktari kipi kianze. Na hapa kwetu mtu aliyepungua kilo 14, hata kama anajua alivyopungua, achunguzwe kifua kikuu na VVU. Kifua kikuu kinaweza kuingia mpaka kwenye mfuko wa uzazi, kikaukausha ukuta wake pasipo hata kukohoa. Umefanya vizuri kusema hukutumia sindano wala kijiti, maana hizo zinaweza kukatisha siku bila ugonjwa wowote. Kama kuna P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ulizokuwa unameza mara kwa mara, hizo zitaje, daktari hatakuchapa.

Vipimo vikitoka safi kwa magonjwa mengine, dawa yako ni sahani.

Najua sentensi hiyo imekutisha. Mtu aliyejizoesha kuogopa wanga kwa miezi kumi hawezi kuambiwa "kula" akala. Kwa hiyo omba kuonana na afisa lishe, hospitali nyingi za wilaya wanaye, akupangie hatua. Mimi nitakuambia ningeanzia wapi kama ungekuwa nyumbani kwangu. Asubuhi ya kesho, kabla ya kwenda dukani, uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, bakuli, si kikombe cha kahawa. Ndimu unaweza kuitia humo. Saa nne, wakati wenzako dukani wanaagiza chai na chapati, agiza nawe. Mchana, yai lako libaki, tango libaki, ila viwe pembeni ya wali na maharage. Tango ni maji zaidi ya asilimia 90, na yai moja na tango havifikii robo ya anachohitaji mwanamke anayesimama dukani kutwa. Jioni, hata saa ikiwa mbili, ugali na dagaa wa nazi na matembele. Dagaa unawatafuna na mifupa yao, hiyo ni kalisiamu unayoitafuta. Parachichi, korosho, kipande cha muhogo wa kuchemsha katikati. Chai iache mbali kidogo na chakula, kama saa moja hivi, maana inazuia chuma ya mboga isichukuliwe vizuri. Mafuta usiyaogope: bila mafuta hata vitamini za kwenye mboga hazisafiri.

Wiki za mwanzo tumbo litajaa haraka, litaunguruma, utajiona umevimba, na utataka kuacha. Ongeza polepole lakini usirudi nyuma.

Lengo ni kilo ngapi? Kwa urefu wako, 49 hivi ndio mpaka wa chini wa uzito wa kawaida, na kufika mpakani si kufika nyumbani. Wanawake wengi siku zao hurudi kwenye uzito waliokuwa nao zilipoanza kuyumba, au juu yake kidogo. Kumbuka Januari, yalipoanza yale matone, ulikuwa na kilo ngapi. Hiyo namba pamoja na kilo mbili ingenipa mimi matumaini zaidi kuliko chati yoyote. Baada ya uzito kurudi, hedhi inaweza kuja wiki chache baadaye, na inaweza kuchukua miezi sita au zaidi. Mfupa nao unaweza kurudi, ila taratibu kuliko vyote, na pengine si wote. Ikishapita miezi sita bila hedhi yako mwenyewe, daktari anapaswa kufikiria kipimo cha ujazo wa mifupa. Kwako, ukiondoa zile damu za vidonge, miezi sita ndiyo hii.

Kuna jambo la akili pia, na silisemi kwa kukushuku. Barua yako haisemi kama unafurahia chakula au unakiogopa. Kama ukila sahani nzima unajisikia umetenda dhambi, kama unajipima kila siku, kama umewahi kujitapisha au kunywa ile chai kwa sababu "umekosea" kula, mwambie daktari. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na wasichana wa hapa wanaupata ingawa tumezoea kudhani ni wa wazungu. Na hata kama haupo, msongo peke yake una nguvu. Mwaka huo huo wa 2003 daktari Sarah Berga na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wanawake 16 waliokosa hedhi kwa sababu ya haipothalamasi, wote wenye uzito wa kawaida. Nusu walipata mazungumzo ya kitabibu kwa wiki 20, nusu waliangaliwa tu. Kwa walioongea na mtaalamu, 7 kati ya 8 ovari zao ziliamka. Kwa wengine, 2. Hakuna aliyepewa homoni. Ninapofikiria binti mwenye duka, mahari, kamati, mama mkwe na jini mahaba kwa pamoja, mazungumzo ya namna hiyo nayaona ni dawa kamili.

Mchumba wako mwambie, na mwambie sasa. Kuna wasomaji watakaosema nakuharibia harusi. Lakini huyu ndiye mtakayekula naye meza moja, na akijua, atakuwa wa kwanza kukuwekea nyama kwenye sahani badala ya kukusifia kiuno. Pia kuna sababu ya wazi kabisa: mnapanga kuanza maisha ya ndoa, na mtu asiye na hedhi anaweza kushika mimba. Yai hutoka kwanza, damu hufuata wiki mbili baadaye. Mwili wako ukiamka Desemba, yai la kwanza litatoka kabla hujaona tone lolote, na unaweza kuwa na mimba ukidhani bado "zimekatika". Mimba kwenye mwili uliokonda hivyo ina hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo. Mimi ningewashauri mtumie kinga mpaka ufike uzito wa kawaida na afya itulie, na wakati huo uanze vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha kinga. Akitokea mtu wa kukuuzia dawa za kupevusha mayai ili mama mkwe apate mjukuu haraka, kataa. Ule mwongozo niliokutajia unawaambia madaktari wasizitoe mpaka BMI ifike walau 18.5.

Mama mkwe hana haja ya kujua habari za siku zako. Akitaja mjukuu, sema "tuombe Mungu, mama", ubadilishe mazungumzo. Kumjibu zaidi ya hapo ni kazi ya mwanawe.

Gauni lipeleke kwa fundi mapema, kabla hajakata kitambaa kilichobaki kwenye mishono. Aliyebana anaweza kuachia.

Mwisho, jifunze kuhesabu mapigo ya moyo wako. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, usisubiri miadi yako, nenda siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia ukizimia, ukisikia moyo unaruka, kifua kikiuma au pumzi ikibana, au kama siku chache baada ya kuanza kula vizuri miguu imevimba na unajisikia dhaifu kuliko ulipokuwa na njaa. Hiyo ya mwisho watu huipuuza wakidhani ni chakula kinaingia mwilini. Ni chumvi za damu zinavurugika, na zinatibika ukiwahi. Nenda hata kama ni usiku wa sendofu.